Aliyeshitakiwa Ndiye Aliyekuja Kuchunguza

Mpelelezi aliyetumwa kuchunguza kupotea kwa Zablon alifika Mvumi adhuhuri, jua limesimama wima na mbuzi wamejibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Alibisha hodi kwa adabu. Alivua kofia, akamwamkia mama mwenye nyumba shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaomba maji ya kunywa kwa sababu barabara kutoka mjini ilikuwa na vumbi la kukaba koo. Ruthu, binti wa nyumba ile, ndiye aliyemletea. Alikuwa bado ameshika sinia mgeni alipojitambulisha.

"Naitwa Mkaguzi Silvano. Nimekuja kwa yale malalamiko yenu ya polisi."

Ruthu alisimama palepale akimtazama anavyokunywa, koromeo likipanda na kushuka. Jina hilo alilijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja alipolalamika. Alikuwa amekwenda kwa wakubwa kusema kwamba Silvano alimchukua mdogo wake na mdogo wake hakuonekana tena, na wakubwa, baada ya miezi ya kimya, walikuwa wamemletea Silvano.

Zablon alikuwa kitinda mimba wa Mama Dorkasi, mwenye nyumba ile. Kazi yake ilikuwa kuchuuza samaki: alifuata perege bwawa la Mtera kwa pikipiki, akawafunga kwenye sanduku la barafu, akawaleta Dodoma mjini na kuwazungusha mitaa ya Makole, ambako dada yake Ruthu alikuwa akifundisha shule ya msingi. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kukopesha na mzito wa kudai. Tangu utotoni alisumbuliwa na pumu. Vumbi la kiangazi likianza kutimka alitembea na dawa yake ya kuvuta mfukoni, na asipokuwa nayo pumzi yake ililia kama filimbi iliyopasuka.

Siku aliyochukuliwa alikuwa mbele ya duka la vitambaa la Bi Zahida, mteja wake wa miaka mingi. Bi Zahida alikuwa mlangoni na bakuli la samaki mkononi gari lilipofunga breki. Wakashuka wanaume watatu wasio na sare. Mmoja wao, Silvano, Bi Zahida alimfahamu vizuri, kwa maana vitambaa vya sare za shule za watoto wake alivinunua pale pale dukani.

"Pikipiki ya namna hii tunaitafuta," Silvano alisema. "Twende kituoni ukatoe maelezo."

Zablon hakubisha. Aliomba tu achukue koti lake lililoning'inia kwenye usukani, kwa sababu dawa yake ilikuwa ndani ya mfuko. Wakamwambia dawa ataikuta huko. Mmoja akaipanda pikipiki, akalitupa lile koti kibarazani kwa Bi Zahida, na gari likaondoka.

Ruthu alipofika kituoni, aliambiwa kaunta kwamba kijana alihojiwa, akaonekana hana kosa, akaachiwa jioni ile ile. "Mtafuteni kwenu," askari alimwambia. Wakamtafuta. Walipita hospitali, walipita kwa jamaa, walishuka mpaka Mtera kwa wavuvi. Hakuna aliyemwona. Bi Zahida alimkabidhi Ruthu lile koti likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, dawa bado imo mfukoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niliyoyaona nimekwambia wewe. Usiniite mahali popote kutoa ushahidi. Mume wangu anaogopa, na mimi pia ninaogopa."

Ndipo Ruthu akapeleka malalamiko mkoani. Walimpokea vizuri, wakampa kiti. Kisha yale malalamiko yakateremshwa ofisi hadi ofisi, yakarudi kituo kile kile, na kituo kikamkabidhi mtu anayelijua jambo lenyewe kuliko wote.

"Alikuwa na maadui?" Silvano aliuliza sasa, ameketi sebuleni kwa Mama Dorkasi. "Alikuwa anakunywa? Labda mlikosana, mwalimu, mambo ya kifamilia?"

"Wewe ndiye uliyemchukua," Ruthu alisema.

"Nilimhoji, nikamwachia. Ndiyo maana nimepewa kazi hii." Hakukasirika. Alikuwa mtulivu kama mtu anayenunua nyama.

Mama Dorkasi alikuwa kimya muda wote ule, mikono mapajani. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno, maana maisha yake yote aliyaishi kwa Kigogo, na watu walizoea kudhani kwamba asiyesema hasikii.

"Mwanangu," alimwambia Silvano, "ulipomwachia, alishika njia gani?"

"Ya stendi, mama."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Koti, mama. Kulikuwa na upepo."

"Koti lake hilo hapo," alisema Mama Dorkasi.

Silvano aligeuka. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma yake, karibu kabisa na kichwa chake, mikono yake imening'inia. Upepo wa adhuhuri uliingia mlangoni, mkono mmoja wa koti ukainuka kidogo ukashuka. Mkaguzi akasimama haraka kuliko alivyokusudia. Akavaa kofia.

"Basi alikuwa na jingine," alisema.

Mlangoni, akiwa ameshampa mama mgongo, alimwinamia Ruthu kama anayeaga. "Mwalimu, kule Makole unakaa peke yako, siyo?"

Tangu siku ile Ruthu akaanza kuisikia ile pumzi.

Haikuja gizani, kama watu wanavyodhania mambo ya namna hiyo. Ilikuja mchana mweupe. Alikuwa darasani, watoto wameinamia mtihani, chumba kimya, mara akaisikia kwenye dawati la nyuma: ile filimbi iliyopasuka, ikivuta, ikikwama, ikivuta. Akanyanyuka, akatembea kati ya madawati, akasimama nyuma ya kila mtoto. Wote walikuwa wanapumua salama. Akaisikia sokoni kati ya magunia ya uwele. Akaisikia kanisani, wakati watu wameinamisha vichwa, ikitoka kwenye benchi la wanaume. Hakumwambia mtu, kwa sababu mwalimu mwenye wazimu hukosa kazi.

Mama yake naye alikuwa na ya kwake. Alikataa komeo lifungwe kwenye mlango. Kila alipopika ugali na mlenda alitenga sehemu ya Zablon, akaifunika, na ikilala aliwapa kuku bila kusema neno. Ndugu walimshauri waweke msiba, watu walie, yaishe. "Nimlilie mtu aliye njiani?" aliwauliza. Katekista alikuja kuuliza jina la Zablon alisome katika kundi lipi Jumapili: la wagonjwa au la marehemu? Akaamua kulisoma pamoja na wasafiri, kati ya wanafunzi waliokwenda vyuoni na madereva wa malori, na kila lilipotajwa watu waliogopa kutazamana.

Mwaka ule ndipo habari za muswada zilipoanza. Kilikuwepo kikundi cha watu waliotaka kiundwe chombo cha raia, kisichokuwa chini ya polisi, cha kuchunguza malalamiko dhidi ya polisi. Aliyekiongoza alikuwa hakimu mstaafu, Anitha Ndahani, mama mfupi mwenye sauti nzito, ambaye alikuwa amechoka kustaafu. Alimfuata Ruthu shuleni wakati wa mapumziko.

"Nimesikia yaliyokupata," alisema. "Kutakuwa na siku ya wananchi kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge. Nataka uje uyaseme."

"Nikisema, nitapata nini?"

Anitha hakumdanganya. "Pengine hutapata kitu. Huyo Silvano anaweza kuwa ameketi mstari wa mbele."

Ruthu alikwenda. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Ofisa mmoja wa polisi, mtu mwenye kusema kwa mpangilio, alieleza kwamba kazi ya upelelezi ina utaalamu wake na kwamba raia hawawezi kumhukumu askari kwa jambo aliloliamua akiwa amekabiliana na bunduki. Watu wengine walimpigia makofi. Kisha akasimama mwanamke mmoja aliyejifunga ushungi mweusi. Jina lake Nasra. Mume wake alikuwa askari, akauawa na majambazi barabara ya Iringa akiwa kazini.

"Mnazungumza habari za polisi kama vile hawana wake," alisema. "Mume wangu alitumwa akiwa na gari lisilo na mafuta ya kutosha, na redio mbovu. Nilipouliza nani alimtuma hivyo, niliambiwa ni siri ya jeshi. Hicho chombo chenu kitanisikiliza na mimi, au ni cha kuwasulubu tu?"

Anitha akamjibu kutoka alipokaa, "Kitakusikiliza wewe wa kwanza, mwanangu, ukitaka."

Zamu ya Ruthu ilipofika, yale yote aliyoyapanga yalimtoka. Pumzi ilikuwa inavuta mahali fulani nyuma ya spika. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nilimshitaki mtu," alisema. "Aliyekuja kunihoji ni yeye. Alikunywa maji yetu. Sina zaidi."

Akaketi. Maneno hayo yakasafiri kuliko alivyotegemea. Yalirudiwa redioni, yakarudiwa bungeni na watu wasiomjua, na hata waliokuwa wakiupinga muswada walishindwa kuyajibu. Ulikatwa hapa, ukashonwa pale, lakini ulipita. Tume ya Raia ikapewa nyumba ya kupanga nyuma ya soko, feni ya juu isiyozunguka, na uwezo wa kumwita mtu yeyote, askari au asiye askari, na kuingia kituoni au chumba cha maiti bila kuomba ruhusa ya polisi. Anitha akawa mwenyekiti. Katika wajumbe wake, alimwomba Nasra awe mmoja. Ruthu aliposikia alikwenda kumlalamikia.

"Mke wa polisi?"

"Mjane wa polisi," Anitha alisema. "Mimi nitauliza ya sheria. Yeye anajua nini cha kumwuliza askari."

Jambo la Zablon lilisikilizwa msimu wa upepo ulipoanza tena. Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Zahida. Mume wake, Jaffer, alimleta kwa gari lakini hakushuka. Alibaki ameshika usukani kana kwamba bado yuko safarini. Bi Zahida alieleza habari ya koti, hatua kwa hatua, akimtazama Ruthu tu.

Wa pili Ruthu hakumjua. Alikuwa fundi pikipiki anayeitwa Stanley, mtu mwenye mabega mapana, aliyeingia akitazama pembe za chumba.

"Nimeambiwa hapa siyo polisi," alisema kabla hajaketi.

"Siyo polisi," Anitha alimjibu.

"Na nikitoka sitapelekwa kwao?"

"Hutapelekwa."

Stanley akaketi. Alisema kwamba siku ile alikuwa mahabusu kwa ugomvi wa baa, na kwamba kijana muuza samaki aliletwa chumba kile kile. Alikuwa mzima. Aliwachekesha, akawaambia nani kati yao ananuka kuliko samaki wake. Baadaye mlango wa chuma ukafungwa kwa kishindo, vumbi likatoka kwenye blanketi, akaanza kukohoa.

"Akawa anagonga mlango kwa kandambili. Anasema, 'Afande, koti langu. Naomba koti langu.' Hakutukana. Hakudai kutoka. Koti tu. Wakamjibu kule koridoni, 'Unataka kwenda disko?' Wakacheka. Wakapandisha redio. Alipochoka kugonga akaja akalaza kichwa mapajani kwangu, kwa kuwa akilala chini hapumui. Nilikuwa nampepea kwa shati. Ilikuwa inalia ile pumzi, mheshimiwa, inalia, na sisi sote tumenyamaza tunaisikiliza, mpaka ikawa mbaya zaidi iliponyamaza."

Askari waliingia wakamtoa akiwa amezungushiwa blanketi, wakawaambia wanampeleka hospitali. Stanley aliachiwa kesho yake na kuambiwa kwamba hakuona mtu. Alihama mtaa. Mara mbili tatu alitaka kusema, lakini kila alipojiuliza akamwambie nani, jibu lilikuwa kaunta ile ile.

Mama Dorkasi alikuwa ameketi kando ya Ruthu, amejifunika khanga kichwani. Ruthu alimshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa baridi.

Silvano alikuja na sare iliyonyooka. Alirudia yale yale: alimhoji, akamwachia. Anitha alimsomea aliyosema Stanley. Akasema Stanley ni mlevi. Alimsomea aliyosema Bi Zahida. Akasema mama yule ni mtu mzima, huenda amesahau. Ndipo Nasra, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi, akasogeza kiti chake mbele.

"Mkaguzi, mimi nimekaa nyumba za polisi miaka mingi. Najua koridoni husikika kila kitu. Ulimsikia?"

"Mheshimiwa, kila mahabusu husema anakufa."

"Sikukuuliza husema nini. Nimekuuliza kama ulimsikia."

Silvano alitazama meza. Nje mabati ya soko yalipigwa na upepo, na kwa mara ya kwanza Ruthu aliona kwamba hakuwa yeye peke yake: yule mtu aliinua kichwa ghafla na kugeukia kona tupu ya chumba, akaikazia macho, rangi ikamtoka midomoni. Naye alikuwa anaisikia. Pengine alikuwa akiisikia siku zote.

"Nilimsikia," alisema.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko miaka yote iliyotangulia. Tume iliingia chumba cha maiti, ikauliza, ikajua kwamba jioni ile uliletwa mwili wa kijana, ukaandikwa kuwa umeokotwa barabarani, hauna jina, hauna ndugu. Baada ya muda halmashauri ikauzika pembeni mwa makaburi ya mji, sehemu ya wasiojulikana, mahali ambapo Ruthu alikuwa akipita kwa mguu kila alipokwenda kumtembelea rafiki yake. Walifukua kwa amri ya mahakama. Mama Dorkasi alimtambua kwa jino la mbele lililopandana na mwenzake.

Wakamrudisha Mvumi. Watu walijaa mpaka kwenye mashamba, wakapika kwenye masufuria ya kuazima, wakaimba nyimbo za Kigogo za kumsindikiza mtu. Mama Dorkasi alilia hatimaye, kilio kirefu kilichomtoka kama kitu kilichokuwa kimekwama kifuani, na wanawake wakamshikilia kila upande. Jioni ya siku ya matanga aliliweka komeo mlangoni, akalala.

Silvano alishitakiwa. Wale wawili waliokuwa naye walihamishiwa mikoa ya mbali wakisubiri uchunguzi, na mkuu wa kituo alistaafu akafanyiwa sherehe. Anitha alimweleza Ruthu hayo bila kuyapaka sukari. "Tume hii ni changa," alisema. "Kuna wanaoiombea ife."

Ruthu alikuwa ametegemea kwamba, mara tu kaburi litakapofunikwa, ile pumzi itaacha. Haikuacha. Ilipungua ukali, lakini sasa ilikuwa na maneno. Aliposimama ubaoni, chaki mkononi, aliweza kusikia nyuma ya mgongo wake sauti ya adabu ikiomba koti. Siku moja alimwambia Nasra, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za Tume, na Nasra hakushangaa.

"Mimi wa kwangu anaita kwenye redio," alisema. "Anaita, hakuna anayemjibu. Nilikwisha acha kuwaomba watu waniombee anyamaze. Namsikiliza tu."

Kisha watu wakaanza kuja. Habari zilikuwa zimeenea kwamba yupo mwalimu Makole aliyempata ndugu yake, na Jumamosi Ruthu alipofungua mlango aliwakuta barazani: mama kutoka Kongwa, kijana kutoka Bahi, wazee wawili ndugu walioongozana na hawakutaka kutenganishwa. Walimletea majina. Walimwambia kila aliyepotea alivyokuwa anacheka, alivyokuwa anapenda kula, kovu lilikuwa wapi. Wengine hawakutaka msaada wowote, walitaka kusema tu mbele ya mtu asiyefumba macho. Walipoondoka, nyumba haikuwa tupu. Ruthu alikaa peke yake katika chumba chake kimoja, jua la alasiri likiingia dirishani, akahisi kwamba wamembakishia wale waliowataja, kwamba wamesimama pale ukutani wakisubiri kwa heshima zamu yao.

Jumatatu ya likizo alikuja mzee mmoja kutoka Mtera, Bartolomayo, mvuvi wa zamani, amevaa koti la suti na ndala. Alikuwa anamtafuta mwanawe Joel. Ruthu alimwamkia, akampa chai, akamwacha amalize.

"Nasikia kuna mahali pa kwenda ambapo siyo kwao," mzee alisema.

"Papo, baba. Siyo mbali."

"Watanisikiliza?"

"Watakusikiliza. Kupata ni jambo jingine."

Mzee alifikiri. "Nimevua miaka arobaini," alisema. "Najua kurudi mikono mitupu."

Wakatembea polepole hadi nyuma ya soko. Upepo ulikuwa umechachamaa, unabeba vumbi jekundu na makaratasi, na mabanda yalikuwa yamefungwa upande mmoja kwa maturubai. Walipokunja kona, mzee alisimama. Foleni ya watu ilikuwa imetoka mlangoni kwa Tume, imepita geti, imeufuata ukuta wa jirani mpaka barabarani. Wanawake wengi, na wanaume walioshika kofia.

"Wote hawa?" mzee aliuliza.

Ruthu alimshika kiwiko, akampeleka mwisho wa foleni, akasimama upande upepo unakotokea ili vumbi limpige yeye kwanza.